Saa ya PhD Haijui Kubeba Boksi



Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya. Nasoma mnavyorushiana maneno kuhusu Katiba, bandari na nani alikula nini, kisha nazima kompyuta naenda kujiandaa, maana shifti yangu huanza saa tano usiku. Leo nimeamua kuandika. Jambo lenyewe halina chama, wala halina dini wala kabila. Linahusu masharti. Naomba mnivumilie, maana nitaanza mbali kidogo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa maktaba ya hapa Malvern, ile iliyo karibu na Malvern Town Centre. Kwa msiopajua, Malvern ni pembe ya kaskazini mashariki ya Scarborough, Toronto. Wengi wetu tuliotoka Afrika, Karibiani, Sri Lanka na Ufilipino tumejazana huku kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa na nafuu kuliko mjini. Nilikuwa na mwanangu anatafuta vitabu vya dinosaria. Kijana mmoja akasikia tunaongea Kiswahili, akasogea na karatasi mkononi. Ni mtu wa Bukavu. Akanisalimia kwa adabu, halafu akauliza swali moja tu:

"Mama, hii miaka tatu, wanaanza kuihesabu tangu lini?"

Nikaitazama ile karatasi. Nilikuwa naijua. Si ileile, lakini ni dada yake. Ilikuwa masharti ya ufadhili wa utafiti kwa watu waliomaliza PhD karibuni, ule unaokulipa miaka miwili ufanye utafiti chuo kikuu kabla hujawa mhadhiri. Sharti: uwe umemaliza PhD ndani ya miaka mitatu kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Sharti jingine: uwe raia, au mkaazi wa kudumu, au mtu ambaye tayari amepewa hifadhi. Kijana ni mwombaji wa hifadhi. Shauri lake halijasikilizwa. Utafiti wake ni wa maporomoko ya udongo kwenye vilima vya Kivu, na mwaka mmoja na miezi saba ya ile mitatu imekwishaliwa. Usiku anapanga maboksi kwenye ghala upande wa Milner.

Nilimjibu kweli: "Tangu siku ulipokamilisha masharti yote ya digrii, mwanangu. Si siku ya mahafali. Na haisimami."

Akanyamaza. Mimi nikarudi nyumbani nikiwa na hasira ya miaka mitano, ndiyo hii mnayoisoma.

YALIYONIPATA

Mimi ni mtu wa Tanga. PhD yangu nilifanya nyumbani, juu ya mwani wa Zanzibar. Mnaojua Paje na Jambiani mnajua ninachosema. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pale mwaka 1989, na wakulima wengi mno ni wanawake. Kwa mara ya kwanza mama wa kijijini akapata fedha yake mwenyewe, akaezeka bati, akalipa ada ya mtoto bila kuomba ruhusa ya mtu. Kisha bahari ikaanza kupata joto. Aina ya mwani yenye bei nzuri, wanayoiita kotonii, ikawa inaoza kwenye kamba sehemu nyingi, wakabaki na spinosamu yenye bei ya kutupa. Nilitaka kujua ni mbegu ipi itavumilia joto, na kina gani cha maji kinafaa. Swali dogo, lakini lina watu ndani yake.

Nilitetea tasnifu yangu Machi 2017. Masahihisho yakapitishwa Septemba mwaka huohuo. Februari 2018 nikaja Toronto kuungana na mume wangu, ambaye ni raia wa huku. Karatasi za ukaazi zikakaa miezi kumi na saba. Sikai nikilia juu ya hilo, wapo waliokaa zaidi. Nikapata ukaazi Julai 2019. Desemba nikajifungua. Machi 2020 dunia ikafungwa kwa Covid, maabara zikafungwa, na mume wangu akapunguziwa kazi. Nikaenda ajensi, nikapata boksi.

Kwaresma mpaka Kwaresma, mwaka ukaisha. Mwisho wa 2020 nikatuma maombi ya ufadhili. Profesa mmoja wa huku alikuwa tayari kunipokea, aliupenda mwani wangu. Maombi hayakusomwa. Yalirudishwa na mtu wa ofisi kabla hayajafika kwa mtaalamu hata mmoja: miaka mitatu yako imepita mwezi wa tisa.

Nikaandika kwamba nilijifungua. Wakajibu, kwa upole kabisa, kwamba mpango wao unaongeza muda kwa waliochukua likizo ya uzazi, hivyo nitume barua ya mwajiri inayothibitisha likizo hiyo.

Waungwana, likizo kutoka wapi? Ili uchukue likizo lazima uwe na kazi ya kuichukulia likizo. Mimi nilijifungua nikiwa sina kazi, na sina kazi kwa sababu nilikuwa sina karatasi. Mtoto wangu akahesabika kuwa hakuzaliwa, maana hakuna mwajiri aliyemtia sahihi.

Mpango huo siutaji jina, na ofisi hiyo siitaji. Yule mtu aliyenijibu alikuwa anafuata kitabu. Ugomvi wangu ni na kitabu.

SAA MOJA, MLANGO MMOJA

Sasa tuache machozi tuangalie hesabu.

Kanada ina mabaraza matatu ya utafiti ya serikali kuu: NSERC la sayansi na uhandisi, SSHRC la sayansi ya jamii na sanaa, na CIHR la afya. Ufadhili wa kawaida wa baada ya PhD wa NSERC na wa SSHRC kwa miaka mingi ulikuwa na sharti la uraia au ukaazi wa kudumu. Hapohapo ulikuwa na sharti la miaka tangu PhD. Sharti moja moja ukiliangalia peke yake, linaeleweka. Fedha ni ya walipa kodi wa Kanada, basi wanataka mtu wa Kanada. Ufadhili ni wa wanaoanza, basi wanataka anayeanza. Hakuna wa kubisha.

Ubaya uko kwenye kuyaweka pamoja. Sharti la kwanza linasema: subiri mpaka upate karatasi. Sharti la pili linasema: ukisubiri, unakwisha. Mlango umefungwa na saa ya nyuma ya mlango inaendelea kuhesabu. Siku mlango unapofunguliwa unaambiwa umechelewa. Aliyezaliwa hapa Toronto, akasoma hapa, akamaliza PhD hapa, ana miaka mitatu kamili. Mimi nilipopata karatasi nilibaki na miezi kumi na nne, na tisa kati ya hiyo nilikuwa mjamzito au nanyonyesha. Kwenye fomu tumeandikiwa wote kitu kimoja: miaka mitatu. Usawa gani huo? Ni kama mbio za mita mia ambapo mmoja anaanzia kwenye mstari na mwingine anaanzia kituo cha basi.

Ipo hoja kwamba mlango wa wageni ulikuwepo. Kweli. Mwaka 2010 serikali kuu ilianzisha ufadhili wa Banting: dola 70,000 kwa mwaka kwa miaka miwili, na mgeni aliruhusiwa kuomba mradi afanyie kazi Kanada. Lakini nafasi zilikuwa 70 kwa mwaka, kwa fani zote na kwa dunia nzima. Na miaka ilikuwa mitatu ileile.

Na hapo kwenye Banting, niruhusuni nicheke kidogo.

Frederick Banting ni shujaa wa nchi hii, aliyegundua insulini hapahapa Toronto. Alihitimu udaktari mwaka 1916. Akaenda vitani, akarudi, akafungua zahanati London, Ontario, na wagonjwa hawakuja. Alikuwa daktari aliyekosa wateja, asiye na PhD wala jina katika utafiti. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1920 likamjia wazo. Akaenda kwa Profesa Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto kuomba maabara. Kazi ikaanza Mei 1921, yeye na kijana mwanafunzi, Charles Best. Mwaka 1923 akapewa Nobel.

Hebu hesabuni. Kutoka 1916 mpaka 1921 ni miaka mitano. Ukimpeleka Banting kwa karani mwenye kalenda, ufadhili wenye jina la Banting unamtupa Banting nje. Labda vita ingemtetea, sikatai. Lakini ile miezi ya zahanati isiyo na wagonjwa nani angemtetea? Kilichomwokoa ni kwamba Macleod alisikiliza wazo, hakuuliza tarehe ya cheti. Na mamilioni ya wenye kisukari wako hai kwa sababu hiyo.

"LAZIMA PAWE NA MPAKA"

Najua wapo watakaosema: dada, lazima pawe na mpaka. Ukiondoa miaka, maprofesa wenye mvi watakuja kugombania chakula cha watoto.

Nakubali mpaka uwepo. Naomba nisieleweke vibaya, sijasema uondolewe. Ninachouliza ni kinachohesabiwa. Kwa nini tuhesabu kalenda badala ya kuhesabu kazi? Mtu aliyefanya utafiti miaka mitatu na mtu aliyepanga maboksi miaka mitatu, kalenda inawaona sawa. Wa kwanza ana makala, ana wadhamini, ana jina. Wa pili ana maumivu ya mgongo. Kama lengo ni kumsaidia anayeanza, basi wa pili ndiye anayeanza zaidi!

Na msiniambie haiwezekani, maana wenzetu wanafanya. Umoja wa Ulaya una ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie. Mpaka wao ni miaka 8 tangu PhD, lakini wanahesabu miaka ya utafiti. Miaka uliyokuwa nje ya utafiti haihesabiwi. Ukiuza duka, haihesabiwi. Ukilea, haihesabiwi. Halafu wana sharti la kuhamahama: usiwe umeishi nchi unayoiombea zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Sharti gumu. Lakini humohumo wameandika kwamba muda uliotumia kwenye utaratibu wa kuomba ukimbizi hauhesabiwi. Mtu fulani Brussels alikaa mezani akamfikiria yule kijana wa Bukavu. Kwa hiyo inawezekana, na dunia haikuanguka.

Wengine wana miaka zaidi kidogo. Ujerumani, ufadhili wa Humboldt kwa wanaoanza unasema miaka minne. Japani, ule wa JSPS unasema sita. Ukiona nchi moja inasema mitatu, nyingine minne, nyingine sita, nyingine minane, basi elewa kwamba hakuna sayansi yoyote iliyopima ni lini akili ya mtafiti inachacha. Ni namba zilizochaguliwa na kamati, na kilichochaguliwa na kamati kinaweza kubadilishwa na kamati.

Tena hapa Ontario wameshaonyesha kwamba wanaelewa. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitoa sera ikisema kwamba kumdai mtu "uzoefu wa Kanada" kwa ukali bila sababu ya msingi ni ubaguzi, hata kama tangazo halijataja rangi wala nchi. Baadaye ikaja sheria, na tangu Januari 2026 mwajiri haruhusiwi kuweka dai hilo kwenye tangazo la kazi. Walitambua kwamba sharti linaweza kuwa halina jina la mtu ndani yake na bado likawajua watu wake. Saa ya PhD ni binamu wa "uzoefu wa Kanada". Amevaa joho tu.

Bajeti ya serikali kuu ya 2022 ilitenga dola milioni 40.9 kwa miaka mitano kwa ajili ya watafiti vijana weusi. Nashukuru, na nimewaona waliofaidika. Bajeti ya 2024 ikapandisha ufadhili wa baada ya PhD hadi dola 70,000 kwa mwaka na kutangaza kwamba mipango itaunganishwa iwe rahisi. Vizuri pia. Lakini ukipandisha posho bila kugusa saa, umewanenepesha walio ndani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na anayetunga masharti akiwa na cheo cha kudumu hamjui anayehesabu miezi.

NA HUKO NYUMBANI JE?

Sasa najua kuna mkuu mmoja anaandika jibu tayari: "Si urudi nyumbani? Nchi inakuhitaji."

Mkuu, nimejaribu. Tusidanganyane hapa.

Nenda kasome matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Sharti la kwanza kabisa la jumla: mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa walioko kazini serikalini. Mimi nina 43. Hata huko saa ipo, tena hiyo haihesabu PhD, inahesabu kuzaliwa kwako. Na wote tunajua safari ya msomi wa nyumbani ilivyo. Unamaliza digrii ya kwanza, unafundisha, unasubiri nafasi ya uzamili, unafundisha tena madarasa ya mamia ya wanafunzi, unasubiri ufadhili wa PhD. Ukiivaa kofia ile nyekundu una miaka 38 au 40. Halafu unaambiwa "vijana". Nani alikuweka kwenye foleni mpaka ujana ukaisha?

Kuna mifuko ya Waafrika pia. Ule mpango wa APTI wa Chuo cha Sayansi cha Afrika kilichoko Nairobi, pamoja na NIH ya Marekani na Gates Foundation, ulitaka uwe raia wa nchi ya Afrika na uwe tayari una ajira katika taasisi ya Afrika. Mimi raia ninao, ajira ya Afrika sina, maana nipo Malvern. Upande wa pili kuna mpango wa Carnegie kwa wanataaluma wa diaspora, ulioanza 2013, wa kuwapeleka Waafrika wa Marekani na Kanada kwenye vyuo vya Afrika, vya Kenya, Uganda na Tanzania vikiwemo. Ulitaka uwe tayari umeajiriwa na chuo cha huku, kwa cheo cha profesa msaidizi kwenda juu.

Mmeona mtego? Wa nyumbani wanamtaka aliyebaki nyumbani. Wa diaspora wanamtaka aliyekwishafika. Sisi tulio katikati, tuliovuka maji lakini bado hatujapanda ukingo, hatumo kwenye daftari la mtu yeyote. Ukihesabu, huenda ndio wengi.

Na la uraia ndilo kubwa kuliko yote. Mkenya tangu Katiba ya 2010 anaweza kuapa Kanada na akabaki Mkenya. Mtanzania mtu mzima akiapa kwa hiari yake, Sheria ya Uraia ya 1995 inamfuta. Mkongomani naye Katiba yake inasema uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee. Kwa hiyo mimi na yule kijana wa Bukavu tunachaguzwa: chukua pasi ya Kanada ufunguliwe milango ya huku, upoteze haki ya kuomba kama Mwafrika wa nchi yako. Mimi sijaapa mpaka leo. Kila mwaka mume wangu ananiuliza, na kila mwaka namwambia bado. Serikali yetu ikaja na hadhi maalum badala ya uraia pacha. Utaingia, utakaa, utawekeza. Lakini ufadhili unaosema "raia" unamaanisha raia. Hadhi maalum mbele ya fomu kama hiyo ni danganya toto.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimekuja na jembe langu mwenyewe, nimelinoa miaka mitano. Huku nimepewa boksi, nyumbani naambiwa jembe langu limepita umri.

NA SISI WENYEWE

Sitamaliza bila kutusema sisi.

Hapa Toronto tuna jumuiya. Tunakutana kwa sikukuu za uhuru, tunachoma nyama, tunacheza taarabu, tunachangiana misiba kwa moyo mkunjufu kabisa. Hayo ni mazuri, Mungu atuzidishie. Lakini nataka mtu mmoja aniambie ni lini tuliandika barua moja, moja tu, kwa mbunge wa hapa Scarborough kuhusu jambo linalowahusu wasomi wetu waliokwama. Tunagombana juu ya CCM na Chadema utadhani sanduku la kura liko kwenye duka la Malvern Town Centre, na jirani yako mwenye PhD anasubiri basi la Neilson saa nne usiku kwenda ghalani. Ukimwona unasema "maisha ndivyo yalivyo." Hapana. Maisha hayakuandika masharti hayo. Watu ndio walioandika.

Tena tuna aibu. Mwenye PhD anayebeba boksi haandiki jina lake popote, haendi kwenye sherehe, nyumbani anawaambia "nipo kwenye utafiti." Mimi mwenyewe nilimdanganya mama yangu miaka miwili. Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake, kwamba labda hakujituma, kwamba labda PhD yake ya Afrika haina uzito. Hivyo ndivyo sharti baya linavyodumu: linamfanya kila aliyeumizwa afikiri kosa ni lake.

Sisi wa Malvern tunalijua hili kwa usafiri. Mwaka 2007 mji ulitangaza reli nyepesi mpaka Malvern. Desemba 2010 meya mpya akaingia akaufuta mpango mzima. Ile treni ya zamani ya Scarborough, ambayo haikutufikia, iliacha njia tarehe 24 Julai 2023 na haikurudi. Kila anayekuja anatuchorea ramani mpya. Kwenye ramani tumo, kwenye barabara tunasubiri basi. Masharti ya ufadhili ni hivyohivyo: kwenye hotuba za "utofauti" tumo.

NINACHODAI

Sipendi kulalamika bila kutoa hoja, kwa hiyo naziweka mezani.

1. Mabaraza ya utafiti ya Kanada yahesabu miaka ya utafiti wenyewe, siyo miaka ya kalenda tangu PhD. Umoja wa Ulaya wameweza.

2. Muda wote ambao mtu hakuruhusiwa kuomba kwa sababu ya karatasi za uhamiaji utolewe kwenye hesabu. Tarehe zote serikali inazo, ni yenyewe iliyotia muhuri. Huwezi kumfungia mtu mlango halafu ukamtoza muda aliokaa nje.

3. Mtoto ahesabiwe kwa cheti cha kuzaliwa, siyo kwa barua ya mwajiri. Na kulea mgonjwa vilevile, kwa cheti cha daktari.

4. Mifuko ya Afrika iandike "raia au mzaliwa wa nchi ya Afrika", na isimdai ajira ya nyumbani mtu anayeomba nafasi ya kurudi nyumbani. Unawezaje kumtaka arudi kabla hujampa njia ya kurudi?

5. Tanzania iondoe ule mstari wa miaka 45 kwa kazi za uhadhiri na utafiti, na tuendelee kudai uraia pacha mpaka kieleweke.

6. Sisi wenyewe tujitokeze. Kila mwenye PhD aliyekwama, Toronto, Columbus, Leicester au Muscat, aandike tarehe tatu tu: siku aliyomaliza, siku aliyopata karatasi, siku saa ilipomfunga. Tukiwa na tarehe za watu hamsini hatutakuwa walalamikaji tena, tutakuwa na ushahidi. Mimi naanza: Septemba 2017, Julai 2019, Septemba 2020.

Kwangu mimi pengine basi limeshaondoka. Nasema hivyo bila kujihurumia. Yule profesa alipata mtu mwingine, na sijui kama angenikumbuka. Daftari zangu za Paje zipo chini ya kitanda, kwenye boksi, ajabu ya Mungu, boksi nililotoka nalo kazini. Akina mama wa pale bado wanashuka baharini maji yakipwa, na maji bado yanazidi joto. Swali langu lipo palepale nilipoliacha, hakuna aliyenijibia.

Lakini kijana wa Bukavu bado ana mwaka na miezi mitano. Tumekubaliana kukutana maktaba kila Jumamosi kuandika maombi yake, ili siku shauri lake likisikilizwa yawe tayari kutumwa asubuhi ya pili yake. Aliniuliza kama kuna faida ya kuandika kabla hajapata hifadhi. Nikamwambia aandike, maana vile vilima vya Kivu navyo havisubiri karatasi, mvua ikinyesha vinashuka juu ya watu.

Wenye tarehe zao, leteni. Wenye matusi nao walete, tumeshazoea.

Nawasilisha.